Bwana Zamu wa Mokowe

Kuna watu ukiwakumbuka mate hukujaa mdomoni, na si mate ya hamu. Mimi wangu ni mmoja tu, yule mzee aliyekuwa akisimama Mokowe pale barabara inapoishia, fimbo mkononi na tambuu shavuni, akiwapanga watu kana kwamba bahari aliichimba yeye. Jina lake silitaji, maana nitakayoyasema si mazuri, na kumsema mtu kwa jina ni dhambi nyingine juu yake. Sisi sote tulimwita Bwana Zamu, na jina hilo lilimpendeza.

Watu wa Mombasa wana vituo vyao vya basi. Unashuka hapa, unapanda pale, na mwendo ni wa magurudumu mpaka karibu na mlango wako. Sisi miaka ile ya hamsini na kitu tulikuwa na Mokowe. Basi la Malindi lilikuja na vumbi lake, likageuka, likasimama, na hapo bara ilikuwa imekwisha. Atakaye Amu, ndiyo Lamu, au Shela, Pate au Faza, lazima ashuke, achukue mzigo wake, ateremke gatini apande mashua. Atokaye visiwani naye ashuke mashua apande basi. Wote walikutana pale mahali padogo, wenye haraka na waliochoka, na mbuzi wao, mikeka yao, tumbaku ya Pate, vikapu vya samaki mkavu, wagonjwa na maharusi. Na maji yakipwa mashua haikufika gatini. Ilikaa mbali, na kati yake na nchi kavu kulikuwa na tope jeusi linalonuka yai bovu.

Mume wangu alikuwa na banda la chakula kando ya barabara hiyo. Mbele walikaa wanaume wakinywa chai na kula mahamri. Nyuma, upande wa pili wa kiambaza cha makuti, nilipika mimi, na baadaye mdogo wangu. Sikuwa nikitoka mbele, lakini makuti yana matundu, na hakuna lililotokea pale nisilolijua. Nililoliona zaidi, asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka, ni mtu huyu.

Nani alimweka pale? Hakuna. Wengine walisema mwenye basi alimwomba siku moja azuie watu wasisukumane, naye hakuacha tena. Wengine walisema alikuja kumpokea mgeni ambaye hakushuka, akabaki. Nilipofika mimi nilimkuta, na kila mtu alimtii, na ukiuliza kwa nini ulitazamwa kama umeuliza kwa nini jua linatoka upande ule.

Nianze na mdomo, kwa sababu ndio ulionichafulia maisha. Alitafuna tambuu tangu alfajiri, na mate yake aliyatema popote macho yake yalipokuwa. Nguzo ya banda letu ilikuwa nyekundu kama imechinjiwa kuku. Niliisugua kwa majivu, nikaisugua kwa ndimu, na kabla haijakauka alikuwa amekwisha kuitemea tena, kisha akaniuliza kutoka upande wa pili wa makuti kama chai iko tayari. Kidole alichochotea chokaa ya tambuu alikipangusa kwenye kilicho karibu, gunia la mtu, mlango wa basi, bega la msafiri aliyemgeuzia mgongo. Meno aliyachokonoa kwa kijiti alichokiweka nyuma ya sikio, na kesho yake akakitoa kilekile. Na alipokuwa na njaa hakuagiza. Alizunguka nyuma bila hodi, akafunua sufuria yangu, akachovya kidole, akakilamba, akachovya tena. Akasema, "Chumvi, dada, chumvi." Nami nikasimama na mwiko mkononi, nimejitanda haraka, nikifikiri mchuzi ule watakula watu wenye imani yao.

Lakini kanzu yake ilikuwa nyeupe pe. Hilo sikulielewa kamwe. Kwenye vumbi lile, kwenye tope lile, na mdomo ule, kanzu yake haikuwa na doa, imenyooshwa, inanukia udi. Wageni walioshuka basini kwa mara ya kwanza walimwona kwa mbali wakadhani ni sharifu, wakamwendea kumwamkia kwa mikono miwili. Uchafu wote ulikuwa ndani ya kanzu safi, na ilibidi umkaribie ndipo ujue.

Kazi yake aliifanya hivi. Alisimama mwanzo wa gati akauliza kila mtu, "Wa nyumba gani?" Hakuuliza nani amefika kwanza. Wenye nyumba za mawe za Amu aliwapeleka mbele, hata kama basi lao ndio kwanza linazima moto. Baada yao wafanyabiashara, kisha watu wa Shela, kisha sisi wa Langoni, mtaa wa Amu wa wasio na majumba, tukiwa na bahati. Watu wa Pate na wa visiwa vya juu aliwaweka mwisho, na kama mashua imejaa, basi imejaa. "Hupandi mpaka nikwambie panda," ndiyo kauli yake. Alisema kwa upole kabisa, akitabasamu na meno yake mekundu.

Namkumbuka mtu mmoja wa Pate, mkulima wa tumbaku, aliyekuwa anarudi na baba yake kutoka hospitali ya Malindi. Mzee alikuwa mfupa na ngozi, anapumua kwa kuiba. Walikuwa wa kwanza kufika gatini na maji bado yamejaa. Bwana Zamu aliwaketisha juani, kwa sababu bwana mmoja mwenye majumba huko Amu alikuwa barazani petu anakunywa chai, akisafiri kwa mashua ileile ya Pate, na hakutaka kuharakishwa, na haifai mtu mkubwa akute watu wadogo wamekwisha kukaa mahali pake. Bwana yule akanywa, akaongea, akaagiza kikombe kingine. Kwenda Pate mashua hupita mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na pale hapapitiki ila maji yakiwa mengi, kwa hiyo kila aliyekuwapo alijua nini kinapotea. Yule mkulima alisimama akasema kwa adabu kwamba maji yanatoka. Bwana Zamu akamwambia, "Pate haihami. Utaikuta." Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, nilimsikia. Wale baba na mtoto walilala Mokowe juu ya mkeka wetu, na mzee wa watu alikuwa akituomba radhi kwa kutusumbua.

Sasa mtu kama huyo ungetaka awe mbaya moja kwa moja, umalizane naye. Hakunipa hata raha hiyo. Masika moja basi lilikwama njiani, kwenye udongo mweusi ule unaoshika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko, na wasafiri wakakaa huko porini na watoto. Habari ilipofika, wanaume wote barazani walisema watakwenda, mvua ikipungua watakwenda. Bwana Zamu alijitwika mtungi wa maji na kikapu cha mikate yangu, akakunja ile kanzu yake mpaka mapajani, akaenda kwa miguu peke yake. Mama mmoja wa Faza alinisimulia baadaye kwamba aligawa maji yale akianza na watoto, bila kuuliza ni wa nani na wa nani, na yeye mwenyewe hakunywa. Nilifurahi kusikia. Wiki iliyofuata mama yuleyule alipita Mokowe, na Bwana Zamu akamweka nyuma ya mbuzi.

Na sauti alikuwa nayo. Alipoadhini adhuhuri pale gatini, hata utingo wa basi, kijana asiye na haya, alizima redio ya mdomo wake. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikisikitika, nikijiuliza sauti ile ilipitaje kwenye mdomo ule bila kuchafuka.

Sasa nifike kwenye tope.

Maji yakipwa, wanaume walivua viatu, wakakunja kanzu, wakapita topeni mpaka kwenye mashua. Mwanamke wa heshima miaka ile hakukunja buibui mbele ya watu akaonyesha miguu, wala hakubebwa na mwanamume asiye maharimu wake. Mwenye mume mwenye nguvu alibebwa na mumewe. Mwenye kaka alibebwa na kaka. Lakini wangapi walisafiri na baba mzee, au na mtoto mdogo kwa jina tu? Hao wangekaa Mokowe mpaka maji yajae. Bwana Zamu ndiye aliyewapatia dawa. Alisema yeye mama yake alikufa akiwa bado mchanga, akapokewa Langoni, akanyonyeshwa nyumba hii na nyumba ile na mama yeyote aliyekuwa na maziwa. Na sheria ni moja kwetu sote: mtoto akinyonyeshwa na mama asiyemzaa, watoto wa mama yule huwa ndugu zake. Haoani nao, nao hawajifichi kwake, naye anaweza kuwabeba. "Mimi ni nduye wa ziwa," aliwaambia waume, na mke akapanda mgongoni.

Mwanzoni alitaja nyumba chache. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nyumba zilivyoongezeka, na zote zilikuwa za akina mama waliokwisha kufa. Kama kila mama aliyemtaja kweli alimnyonyesha, mtu yule angekuwa ameshiba mpaka leo asiguse mchuzi wangu. Lakini nani angemkanusha? Ilimfaa kila mtu. Waume waliwahi mashua, wake hawakukanyaga tope, na hakuna aliyetaka kuchimba zaidi.

Mimi pia nilibebwa. Mume wangu alikuwa ameumia mgongo, tunakwenda Amu kwenye msiba, na Bwana Zamu akasema, "Mama yake ndiye mamangu." Mume wangu akasema, haya, kakayo huyo, akubebe. Nikabebwa. Shingo yake ilinuka tambuu na jasho la jana, na udi ule wa kanzu ukifanya mambo yawe mabaya zaidi. Katikati ya tope alisimama, kama alivyosimama siku zote, ati apumue, na katika huko kupumua akawahutubia walio gatini juu ya utaratibu na adabu, na mimi juu ya mgongo wake nimening'inia kama kikapu, mikono yake imenishika magotini kuliko inavyohitajika. Nilipofika Amu nilijisugua kwa kumbi la nazi mpaka ngozi ikawaka. Msibani wakadhani nimelia sana.

Mdogo wangu alikuja kukaa nami baada ya kuachwa na mumewe na eda yake kwisha. Alikuwa mwanamke mzima, mcheshi, mikono yake mepesi kwenye unga, na tangu aje banda letu lilichangamka. Bwana Zamu naye alichangamka. Akaanza kuja nyuma mara nyingi zaidi, na sufuria akasahau kuzifunua. Akamletea halua kutoka Amu, akamletea pacha ya maua ya asumini aliyoishika kwa vidole vile. Alimbeba topeni mara mbili tatu, na kwake alikuwa akichoka zaidi na kupumua zaidi. Mdogo wangu kila alipobebwa, siku hiyo hakula.

Ami yetu ndiye aliyekuwa walii wetu, kwa kuwa baba hayupo. Alikuwa akivusha mbuzi kutoka bara kwenda kuuza Amu, na mtu anayevusha mbuzi Mokowe alihitaji sana kupendwa na Bwana Zamu. Basi Bwana Zamu alipoposa, ami alikubali kabla chai haijapoa. Mume wangu ndiye aliyeniletea habari, amefurahi, akinihesabia faida zake: wasafiri wote wataelekezwa kwetu, na mdogo wako atakaa papo hapo karibu nawe. Nilimuuliza kama mwenyewe ameulizwa. Akasema mwanamke aliyeachwa haulizwi, hushukuru.

Nilipomwambia mdogo wangu hakupiga kelele. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Dada," akasema, "mimi mtu yule nikisikia kikohozi chake tu, chakula chanishinda. Wakiniozesha mimi n'takufa. Si leo, lakini n'takufa."

Alilisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua. Nikajua hasemi kwa kutisha, na mimi ndiye dadake mkubwa, na hakukuwa na mtu mwingine. Nilimwendea ami nikamwomba, akaniambia nisimvunjie neno lake. Nilimwomba mume wangu, akaniuliza kama nataka tule tope. Siku ziliendelea, na mahari ilikuwa imekwisha kusemwa.

Nilikuwa nakanda unga wa mahamri ndipo wazo liliponijia, na mikono ikanisimama ndani ya sinia. Mtu huyu si ni ndugu yetu? Si ndilo alilolisema aliponibeba, na alipombeba huyu anayetaka kumuoa? Ami alikuwapo mara moja akalisikia kwa masikio yake. Mume wangu alilikubali. Na wote wawili wamekaa wakapanga ndoa bila kukumbuka. Hapo ndipo nilipowaelewa wanaume wa Mokowe. Udugu ule waliuamini topeni tu; wakifika nchi kavu ulikauka pamoja na miguu yao. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, na mdogo wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia akande, mimi nafikiri.

Sikusema lolote mpaka siku ya kukata maneno. Ami alikuja na Mwalimu wa msikiti mmoja wa Langoni, mtu mpole aliyeheshimiwa, ili mambo yawe na baraka. Basi la kwenda Malindi lilikuwa limechelewa, maji yamekupwa, na baraza letu lilijaa wanaume waliotoka visiwani asubuhi ile. Wake zao walikuwa upande wetu wa makuti, buibui zao kavu, kwa kuwa Bwana Zamu alikuwa amewabeba mmoja mmoja. Yeye alikaa karibu na Mwalimu, kanzu inang'aa, anatabasamu. Nilisubiri mpaka Mwalimu amalize kusoma dua, kisha nikasema kutoka nyuma ya makuti, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mwalimu, mtu huweza kumuoa nduye wa ziwa?"

"Haiwi," akasema Mwalimu. "Ni haramu, kama nduye wa tumbo moya."

"Basi muulize Bwana Zamu. Mama yetu alimnyonyesha, au hakumnyonyesha?"

Ami aliniambia ninyamaze. Mwalimu akamwambia ami anyamaze yeye. Mume wangu niliona kisogo chake tu kupitia kwenye tundu, kimelowa jasho. Bwana Zamu alikuwa akitafuna, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa pa kutemea. Ndipo mtu mmoja wa Shela, ambaye mkewe alikuwa amekaa ubavuni pangu, akaweka kikombe chini akamuuliza taratibu kabisa.

"Na mke wangu je, Bwana? Ulonibebea leo asubuhi?"

Baraza zima lilimgeukia. Sikuwahi kumwonea huruma, na siku ile pia sikumwonea, lakini nilimwona akipima. Upande huu mdogo wangu. Upande ule gati, fimbo, wale wote wanaomngoja awaambie panda, na waume ambao wakijua aliwashika wake zao kwa uongo wangemzika kwenye tope lilelile. Hakuchukua muda.

"Alininyonyesha," akasema. "Mara nyingi. Wallahi alininyonyesha."

Mwalimu akamwapisha tena, akaapa tena. "Basi," akasema Mwalimu, "huyu ni nduyo, na dadake aliyesema ni nduyo. Hapana ndoa hapa." Ami akaondoka bila kuaga. Mdogo wangu alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, unga umetukauka vidoleni, na mwanamke yule wa Shela akaanza kutupepea sote wawili kwa ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka.

Tuliulipia ushindi ule. Wasafiri walianza kuelekezwa kwingine, mume wangu hakusema nami ila kwa kuagiza, na hatimaye tukalifunga banda tukarudi Langoni, kwenye nyumba ya mama yangu. Mdogo wangu aliolewa na fundi viatu wa Siyu, mtu wa maneno machache na mikono inayonuka ngozi, na harufu hiyo aliipenda. Hilo lilinitosha. Bwana Zamu mwenyewe, mpaka siku tunaondoka, aliniita dada mbele za watu kwa sauti kubwa kuliko zamani, na kila akiniita nilihisi amenitia kidole kwenye sufuria.

Mwisho wa miaka ileile ya hamsini nilisikia mambo yake yameharibika. Mwenye basi alikuwa ameweka karani wake wa kupanga watu, kijana wa bara asiyejua nani ni nani, akiwapandisha kwa kufika kwao tu. Watu wa Pate walisema anafaa. Bwana Zamu aliendelea kusimama na fimbo yake na kuuliza watu wa nyumba gani, na watu wakampita. Kisha nikasikia ameanguka gatini, nusu ya mwili imekufa.

Asubuhi moja nilisikia hodi ya wanaume wengi. Mume wangu alikuwa ametoka. Nilijitanda nikafungua, na pale dakani, kwenye kile kibaraza cha mlangoni ambapo mtu asiye wa nyumba huketi akasikilizwa, mabaharia wawili na yule utingo wa basi walikuwa wamemlaza juu ya benchi la mawe. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uchochoroni.

"Bi," akasema utingo, "tumemleta nduyo."

Sikuwa wa kwanza. Walikuwa wamempitisha Langoni nzima tangu alfajiri, kila nyumba aliyowahi kuitaja. Na kila nyumba ilikumbuka ghafla kwamba mama yao hakuwahi kumnyonyesha mtoto wa mtu. Waume wale wale waliompa migongo ya wake zao, nasema sivyo, waliompa wake zao mgongoni, walisimama milangoni wakaapa kwamba mtu huyu ni mwongo mkubwa. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Na kwangu hakukuwa na la kukumbuka wala la kusahau, kwa sababu mimi ndiye niliyemwapisha, mbele ya Mwalimu na baraza zima.

Nilimtazama. Kanzu ilikuwa ya kahawia. Mdomo umekwenda upande, na kutoka kwenye pembe ya chini mate mekundu yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni, maana kumbe hata hivyo alivyo kuna mtu alikuwa bado akimpa tambuu. Alikuwa amejichafua, na si leo tu. Nzi walikuwa wakimjua.  Nikainama, nikaziba pua kwa ukaya wangu wa kichwani, nikamsogelea sikioni ili wale wengine wasisikie.

"Niambie kweli," nikamwambia. "Hapana Mwalimu hapa. Mama alikunyonyesha?"

Alichukua muda mrefu kuupanga mdomo wake. Jicho moja lilikuwa likinitazama, na lingine linatazama boriti.

"Uji," akasema. "Alikuwa akinipa uji. Hapa hapa. Ndani hakunitia. Ziwa siyui, dada. Siyui."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika naye. Kikombe cha uji mlangoni! Kwa kikombe cha uji alijifanya ndugu wa nusu ya mji, akachezea miguu ya wanawake wa watu, akataka kuniharibia mdogo wangu, na sasa ananiletea jicho lile moja linanitazama kama mimi ndiye niliyemdhulumu. Nilitaka kumtemea mate. Nasema kweli, mate yalikuwa tayari mdomoni. Na neno pia lilikuwa tayari, neno fupi tu kama la wale waume, kisha nifunge mlango nikaoge. Lakini neno la udugu nililitaka siku nilipolihitaji, likafanya kazi yake, na mdogo wangu yuko Siyu leo anacheka. Ningewezaje kulikausha sasa?

Mabaharia walikuwa wakibadilisha miguu. Majirani walikuwa wakingoja. Utingo akauliza kama wamwache palepale alipo, au wampeleke kwingine.

"Mtieni ndani," nikasema. "Dakani huketi wageni."

Kisha nikaenda kutafuta sabuni.